Kukiandaa Kifaa cha Vitabu Pepe kwa Matumizi ya Kanda ya Ziwa

Watu wengi wa Mwanza wenye kifaa cha kusomea vitabu pepe, kiwe ni Kindle, Kobo au PocketBook, waliletewa na ndugu aliye nje ya nchi au walikinunua kikiwa kimeshatumika. Vingi kati ya vifaa hivyo husomwa kwa wiki chache kisha huachwa kabatini, na sababu si ubovu. Waliovitengeneza walimfikiria msomaji mwenye waifai nyumbani kwake saa zote, mwenye kadi ya benki, na mwenye duka la mtandaoni lililojaa vitabu vya lugha yake. Msomaji wa Kirumba, Nyegezi au Nansio ana bando linaloisha, umeme unaokatika, na vitabu vya Kiswahili ambavyo mara nyingi viko katika PDF tu. Kwa hiyo kazi kubwa ni kukiandaa kifaa siku ambayo umeme na intaneti vipo, ili kijitegemee siku ambazo havipo.

Ni vizuri kuelewa kwanza kioo chake kinavyofanya kazi, maana ushauri mwingi unaofuata unatokana na jambo hilo. Vifaa hivi hutumia wino wa kielektroniki, teknolojia iliyoendelezwa na kampuni ya E Ink iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997. Ndani ya kioo mna vidonge vidogo mno, na katika kila kimoja zimo chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme unapopitishwa, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine huzama, na zikishakaa mahali pake hubaki hapo bila kuhitaji umeme wowote. Ndiyo maana kufungua ukurasa hutumia chaji, lakini kuutazama ukurasa huo huo kwa dakika kumi karibu hakutumii kitu, ikiwa taa yake imezimwa. Tena, kwa kuwa maandishi huonekana kwa mwanga unaokiangukia kioo kutoka nje, jua la saa saba mchana juu ya kivuko cha Kamanga, ambalo humlazimu mwenye simu kukikinga kioo kwa kiganja ili asome ujumbe, huyafanya maandishi ya kifaa hiki yasomeke vizuri zaidi.

Mtengenezaji anapotangaza kwamba chaji hudumu wiki 10, kama Amazon ilivyotangaza kuhusu Kindle Paperwhite ya mwaka 2021, masharti yake yasomwe pia: ni kusoma nusu saa kwa siku, mtandao ukiwa umezimwa, na taa ikiwa kwenye kiwango cha 13 kati ya 24. Ukipiga hesabu, hizo ni saa 35 za kusoma. Kwangu mimi saa 35 ni neema, kwa sababu zinatosha safari ya usiku ya meli kwenda Bukoba, mapumziko ya wiki nzima huko, na safari ya kurudi. Hata hivyo, hutazipata ukiacha waifai ikitafuta mtandao usiokuwepo. Weka kifaa katika hali ya ndege mara baada ya kupakua vitabu, na uiondoe tu unapohitaji kitabu kipya.

Anayetaka kununua kilichotumika akague mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni akaunti: mwambie muuzaji afungue mipangilio mbele yako na akuoneshe kwamba akaunti ya mmiliki wa awali imeondolewa, kwani kifaa kilichosajiliwa kwa mtu mwingine, au kilichoripotiwa kuibwa, kinaweza kukataa kabisa akaunti yako. La pili ni kioo. Fungua kurasa kadhaa na uangalie kama kuna mstari au doa lisilohama. Kivuli hafifu cha ukurasa uliopita ni jambo la kawaida na huondoka kioo kinapojisafisha, lakini mstari usiohama maana yake ni kwamba kioo kimevunjika kwa ndani, na mafundi wengi wa simu hawana kioo cha kubadilisha. Chini ya tabaka la juu mna kioo chembamba kinachovunjika kwa kugandamizwa, hata bila kuanguka. Daladala iliyojaa, begi likiwa limebanwa kati ya magoti na kiti cha mbele, ni hatari kwake kuliko sakafu. Nunua kava gumu, na ukiweke kifaa upande wa begi unaogusa mgongo wako.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe. Mfumo wa faili unaofaa zaidi ni EPUB, kwa sababu maandishi yake hujipanga upya kulingana na ukubwa wa kioo na ukubwa wa herufi unaoutaka. Kobo na PocketBook hufungua EPUB moja kwa moja. Unaunganisha waya wa USB, unanakili faili, na kazi imekwisha. Kindle haifungui EPUB iliyonakiliwa kwa waya, lakini huduma ya Amazon ya kutuma vitabu imekuwa ikiipokea tangu mwaka 2022 na kuibadilisha yenyewe, mradi faili lisizidi MB 50 kwa njia ya barua pepe au MB 200 kupitia tovuti yao. Njia hiyo inahitaji intaneti pande zote mbili. Ukiunganisha kwa hotspoti ya simu na kifaa kisiione, angalia kama simu imewekwa kwenye masafa ya 5 GHz. Vifaa vingi, hasa vya zamani, huona yale ya 2.4 GHz pekee.

Mimi humshauri kila mwenye kompyuta aweke Calibre, programu ya bure iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006. Hubadilisha EPUB iwe mfumo ambao Kindle inauelewa, huipeleka kwa waya bila intaneti yoyote, na huhifadhi maktaba yako yote mahali pamoja. Faili la kuisakinisha lina zaidi ya MB 100, lakini leseni yake inaruhusu kuigawa, kwa hiyo mtu mmoja mwenye bando zuri anaweza kuipakua mara moja na kuwapa wenzake kwa flashi.

PDF ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na inastahili kuelezwa kwa urefu. Ukurasa wa PDF umepangwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, nao ukiingizwa kwenye kioo cha inchi 6 herufi huwa ndogo kiasi cha kuumiza macho. Jaribu kwanza kukigeuza kifaa kilale ubavu na kukata kingo nyeupe za ukurasa. Kwa kitabu cha kawaida hatua hizo mbili mara nyingi zinatosha. Zisipotosha, ibadilishe PDF iwe EPUB kwa Calibre, ukijua kwamba namba za kurasa na vichwa vya juu vitachanganyika na maandishi na itabidi uviondoe. Lakini PDF nyingi za vitabu vyetu vya zamani ni picha zilizopigwa kwa skana, na picha haibadilishwi kuwa maandishi kwa njia hiyo. Ili kujua faili lako ni la aina gani, lifungue kwenye kompyuta na ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Neno likikataa kuchaguliwa, hiyo ni picha. Hapo utahitaji programu ya kutambua herufi. Tesseract, ambayo ni ya bure, ina data ya Kiswahili, na ukiichagua hiyo badala ya Kiingereza makosa hupungua. Bado utalazimika kupitia maandishi kwa macho, kwa hiyo kazi hiyo ifanye kwa kitabu unachokipenda kweli.

Mara kitabu cha Kiswahili kinapoingia kwenye kifaa, kuna marekebisho ambayo miongozo ya watengenezaji haiyataji, kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya lugha hii. Maneno yetu ni marefu. Mstari wa herufi kubwa kwenye kioo cha inchi 6 huweza kubeba maneno manne tu, na ikiwa mojawapo ni “walipokwishatuambia” na halikutosha mwishoni, linarukia mstari unaofuata na kuacha matatu yaliyobaki yakivutwa yajaze nafasi, kila moja likiwa mbali na mwenzake. Macho huchoka haraka bila msomaji kujua sababu. Nenda kwenye mipangilio ya maandishi na uchague yapangwe kushoto, kingo za kulia zikiachwa bila kunyooshwa. Kisha punguza herufi hatua moja na nafasi za pembeni hatua moja. Ndani ya Calibre, hakikisha pia sehemu ya lugha ya kitabu imeandikwa Kiswahili, kwani faili likidai kuwa ni la Kiingereza, kifaa kinaweza kuyakata maneno kwa kanuni za Kiingereza na kukupa mikato ya ajabu.

Neno lenye ng' nalo huleta usumbufu wake. Unaweza kutafuta “ng'ombe” ndani ya kitabu ukaambiwa halipo, ilhali liko mbele yako kwenye ukurasa uliofunguliwa. Huenda mchapaji alitumia ritifaa iliyopinda na kibodi ya kifaa ikatoa iliyonyooka, na programu ya kutafuta isipozioanisha, hizo kwake ni alama mbili tofauti kabisa. Wakati wa kubadilisha kitabu, Calibre ina chaguo la kuzigeuza alama zote zilizopinda kuwa zilizonyooka. Lichague kabla ya kupeleka kitabu kwenye kifaa, hasa kama ni kitabu cha kufanyia utafiti.

Kuhusu mahali pa kupata vitabu, Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina zaidi ya vitabu 70,000 vya bure, vingi vya Kiingereza. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Vitabu vya waandishi wetu walio hai husambazwa sana katika magrupu ya WhatsApp bila idhini yao, nami naona jambo hilo linawaumiza watu wale wale tunaodai kuwapenda. Mwandishi wa Kiswahili anayeuza nakala chache akinyang'anywa na hizo, hatakuwa na sababu ya kuandika kitabu cha pili. Ukipata namba yake ya malipo, mlipe. Wengi huuza PDF au EPUB moja kwa moja kwa bei ya kawaida.

Vitabu vipya vingi visiingizwe kwa mkupuo jioni ya kuamkia safari. Kila kitabu kikiingia, kifaa hukisoma chote kwa ndani ili baadaye kiweze kutafuta maneno, na kazi hiyo ikihusu vitabu mia moja hula betri kwa saa nyingi bila wewe kuona chochote. Viingize kifaa kikiwa kwenye chaji, na ukiache humo usiku kucha. Wanaotumia sola, kama ilivyo katika visiwa vingi, waanze kwa kuchaji pawabenki mchana na kukichaji kifaa kutoka humo, kwani umeme wa paneli hushuka na kupanda kila wingu linapopita. Kifaa chenyewe kisiachwe juani pamoja na paneli. Kindle imetengenezwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 35, na bati la mtumbwi au dashibodi ya gari hupita kiwango hicho mapema.

Baadhi ya vifaa vina alama ya IPX8. Kwa Kindle Paperwhite tangu ile ya mwaka 2018, maana yake ni kuhimili maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya kina cha mita 2 kwa dakika 60. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, na hiyo ni nafuu ambayo wenzetu wa Pwani hawana, lakini ziwa lina mchanga na mwani ambao huziba tundu la chaji. Kikitumbukia, kisuuze kwa maji safi ya bomba, kikaushe kwa kitambaa, na usikiunganishe na waya mpaka tundu likauke kabisa. Matone juu ya kioo huweza kufungua kurasa yenyewe kana kwamba ni vidole, kwa hiyo usishangae ukijikuta sura mbili mbele, yapanguse kwanza. Usiku ufukweni, punguza taa hadi chini kabisa na uchague rangi yake ya njano kama ipo, maana vijidudu vya ziwani hufuata mwanga na huishia juu ya ukurasa.

Anayesoma kwa ajili ya masomo apigie mistari sentensi anazozihitaji wakati ule ule wa kusoma. Kindle huzihifadhi zote, pamoja na maelezo uliyoandika, katika faili moja la maandishi liitwalo “My Clippings”, ambalo hufunguka kwenye kompyuta yoyote bila programu maalumu. Linakili kila mwisho wa mwezi mahali pengine, kwa kuwa kifaa kikipotea au kikirudishwa katika hali ya kiwandani, faili hilo hupotea nacho. Na kioo cha Kindle kikiganda, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 40 hadi kijiwashe upya. Vitabu na maelezo yako hubaki yalivyo. Jaribu hivyo kabla ya kumpelekea fundi na kabla ya kukubali kufuta chochote.