Umerithi mafuta Texas? Soma haya kabla hujapanga matumizi

Nawaandikia nyie mliooa au kuolewa Marekani, na nyie watoto ambao baba kafia Houston halafu wakili akapiga simu kusema mzee kaacha haki za mafuta na gesi. Poleni na msiba. Sasa tulieni kwanza.

Toa kichwani mambo ya kwetu. Tanzania ukichimba choo ukakutana na mafuta ni ya serikali, Kenya hivyohivyo, wewe utaishia kulipwa fidia ya mikorosho. Texas mtu binafsi anamiliki kilicho chini, na anaweza kuuza shamba la juu akabaki na cha chini, ndo maana unaweza kurithi mafuta ya sehemu ambayo huna hata pa kuegesha gari. Usiulize nyumba iko wapi, uliza kaunti gani, halafu hati zitafutwe kwa karani wa kaunti hiyo.

Karatasi: cheti cha kifo, wosia kama upo, na mirathi ya korti ya huko au kiapo cha urithi kilichosajiliwa kaunti husika. Mirathi ya Kisutu au ya kadhi Mombasa peke yake haitoshi, usibishane nao, tafuta wakili wa hukohuko. Mpaka karatasi zikae sawa hela yako inawekwa kando, wenyewe wanasema iko saspensi. Ikikaa miaka bila mwenyewe inahamishiwa serikali ya jimbo, na kuitafuta kwenye tovuti ya mhasibu mkuu wa Texas ni bure, kwa hiyo anayekupigia simu akutafutie kwa asilimia mwambie asante.

Jua pia umerithi nini. Mrabaha, yaani fungu lako la mauzo ya mafuta, unalipwa bila kuchangia gharama za kuchimba. Hisa ya uendeshaji ni kitu kingine kabisa, hiyo inakuletea na bili. Ukiona invoisi mahali ulipotegemea cheki, nenda kwa wakili siku hiyohiyo.

Kampuni itakutumia karatasi inaitwa divisheni oda, ina desimali ndefu, na hapo ndo mgao wako ulipo. Piga hesabu mwenyewe kabla ya kusaini. Ekari zako gawanya kwa ekari za eneo zima la kisima, zidisha kwa kiwango cha mrabaha kilichoko kwenye mkataba ulioruhusu kampuni ichimbe. Mfano familia ina ekari 40, mko warithi wanne sawasawa, zako ni 10. Eneo la kisima ni ekari 640, mrabaha ni moja ya tano. Unapata 0.003125. Mikataba ya zamani mingi ni moja ya nane, ya karibuni unakuta moja ya tano mpaka robo, kwa hiyo usikubali kukisia, omba mkataba uusome.

Hapa sasa ndo nataka mnisikilize. Kuna dada mmoja wa Tanga, tulikuwa tunakaa mtaa mmoja Houston, mumewe Mmarekani alifariki akamwachia kipande cha mrabaha Kaunti ya Karnes, kwenye ule mwamba wa Eagle Ford. Mirathi ikavuta zaidi ya mwaka, visima vipya vinatoa mafuta na hela inalala saspensi. Siku bahasha ilipokuja ilikuwa nene, na cheki ndani ya dola 43,600. Mtu anafanya zamu za usiku kutunza wazee, ghafla elfu 43! Akasema hata kama mwezi ujao itakuja nusu, hata robo, si nakula tu. Akaacha kazi, akachukua gari la mkopo, akamtumia kaka yake aanze msingi Raskazone. Mwezi uliofuata bahasha nyembamba, dola 1,500 na kitu. Akawapigia kampuni, akagomba kweli, kwamba wamemwibia kwa sababu ni mjane tena mgeni.

Hakuna aliyeiba. Nilikaa naye mezani tukafungua zile kurasa zinazokuja na cheki, ambazo yeye alikuwa ameangalia namba ya mwisho tu. Kila mstari una mwezi wa uzalishaji, bidhaa, wingi, bei, kodi, makato, desimali yake, halafu chake. Mafuta mstari wake, gesi mstari wake, vimiminika vya gesi mstari wake. Tukapita na rula mmojammoja. Miezi 14! Mwezi wa kwanza chake kilikuwa kama 6,500, wa pili 5,500, wa sita umeshashuka 3,100, wa mwisho 1,600. Kumbe ni malimbikizo, tena ya kipindi kisima kina nguvu zake zote. Visima vya mwamba ule vinafanya kama soda uliyoitikisa ukafungua, mwaka wa kwanza tu kasi inapungua zaidi ya nusu, halafu kinachobaki kinachuruzika miaka na miaka. Na hata asiye na mirathi ngumu cheki yake ya kwanza huwa ya miezi kadhaa, maana sheria ya Texas inawapa kampuni mpaka siku 120 baada ya mwezi wa mauzo ya kwanza.

Haikuishia hapo. Mwaka ulipogeuka ikaja fomu 1099, ile ya taarifa ya kipato, ya hela yote, kwa sababu IRS, watoza kodi wa Marekani, wanahesabu mwaka uliopokea, na aliyemjazia kodi hakumweka ile punguzo ya kodi ya asilimia 15 ya kipato, kwa kuwa mafuta yanapungua ardhini, ambayo wenye mrabaha wanastahili. Tukairekebisha baadaye, lakini gari lilishachukuliwa na benki na msingi mpaka leo umeota majani.

Kwa hiyo cheki ya kwanza ikija tafuta mwezi wa zamani kabisa na mwezi wa karibuni kabisa. Bajeti yako panga kwa mwezi wa karibuni, tena punguza, maana bei nayo haina rafiki. Aprili 20, 2020 bei ya pipa la mafuta ya Marekani kwenye soko la mikataba ya kuuziana mbele ilifika hasi dola 37.63, hasi jamani. Texas yenyewe inakata asilimia 4.6 kwenye mafuta na 7.5 kwenye gesi, kuna makato ya kusafisha na kusafirisha kutegemea mkataba, na kaunti inadai kodi ya mali kila mwaka.

Mlioko Dar, Zanzibar, Muscat na si raia wala wakazi wa Marekani: bila mpango wowote mnakatwa asilimia 30 juu kwa juu. Ipo njia ya kuchagua kutozwa kama kipato cha biashara ili utoe gharama kwanza, muulize mhasibu anayejua hayo, na ombeni namba ya kodi ya ITIN mapema. Ukiuza, mnunuzi anazuia asilimia 15 ya bei. Na ukifa wewe ukiwa bado nje, msamaha wa kodi ya mirathi ya huko kwa mtu kama wewe ni dola 60,000 tu, kwa hiyo andika wosia.

Pata tathmini ya thamani ya siku aliyofariki marehemu, itakuokoa kwenye kodi siku ya kuuza. Barua zenye cheki ndani zinazosema "saini upokee" ni za kununua haki zako zote, usisaini hata kama umekwama ada. Usitaje kiasi kwenye grupu la ukoo kabla ya cheki ya tatu. Visima vinauzwa kutoka kampuni hii kwenda ile, hela ikikata ghafla usikae kimya, piga simu. Na ukihama andikia kila kampuni inayokulipa, moja moja, maana wao kwa wao hawaambiani.