SOMO: Unasoma saikolojia na hujui uelekee wapi? Pitia hapa kabla hujanifuata inboksi

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara kumi na moja: "Dada, nipo mwaka wa pili saikolojia, nitaajiriwa wapi?" na "Dada, masta naombaje?" Nimejibu zote. Sasa nimechoka. Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrushia uzi huu bila hata salamu.

Mimi si profesa. Nilisoma shahada ya saikolojia hapa Dar, nikazunguka mitaani mwaka mmoja na nusu nikikusanya data, nikaenda masta, sasa nipo kwenye mradi wa afya ya akili. Nasema yaliyonipata.

Hatua ya 1. Soma jina kamili la shahada yako. Kuna Shahada ya Elimu katika Saikolojia na kuna Shahada ya Sanaa katika Saikolojia. Ya kwanza inakupeleka darasani kama mwalimu, ya pili haikupeleki. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira linapotaja sifa, linataja kwa jina, na mfumo haujui kwamba mlikaa ukumbi mmoja. Fungua matangazo matano ya zamani sasa hivi, uone shahada yako imetajwa kwenye kada gani. Nje ya serikali kuna miradi ya VVU, soba hausi (nyumba za wanaoacha dawa za kulevya), idara za rasilimali watu, na mashirika yanayotoa msaada wa kisaikolojia kwenye kambi za wakimbizi kule Kigoma. Huko, ukijua Kirundi au Kiswahili cha Kongo umeshawapita wengi. Saikolojia kwa shahada ya kwanza ni mlango, bado si fani. Ukilikubali hilo mapema utalia kidogo.

Hatua ya 2. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Anayeandika ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili: udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa mazoezi hospitali, kisha ubingwa miaka mitatu. Kama hiyo ndiyo ndoto yako, upo kwenye basi lingine.

Hatua ya 3. GPA, yaani wastani wa alama zako kati ya 5. Isishuke chini ya 2.7, ukiweza ifikishe 3.5. Sup (mtihani wa kurudia) moja haiui mtu.

Hatua ya 4. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo. Usiende ofisini kwa mjomba ukatoe kopi wiki nane. Nenda mahali penye watu wenye shida halisi: wodi, soba hausi, kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini (ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, leo zipo na sehemu nyingine), shule yenye mwalimu wa unasihi (ushauri nasaha). Nunua daftari. Kila jioni andika ulichokiona na usichokielewa, bila majina ya watu. Lile daftari nililitumia miaka mitatu baadaye kuandika insha ya kuombea masta.

Hatua ya 5. Takwimu. Hukwepi. Kama huna SPSS, ile programu ya kuchambua data, pakua jamovi au R, zote ni bure.

Hatua ya 6. Wadhamini. Wengine mnawaita marefa: wale wanaokuandikia barua ya kukupendekeza. Hapa ndipo nilipoharibu, kaeni vizuri.

Mara ya kwanza kuomba masta nje nilikuwa na kila kitu mkononi. Zimebaki siku tatu dirisha lifungwe, nikamfuata mhadhiri aliyetufundisha darasa la watu zaidi ya mia tatu. Kozi mbili, A mbili. Nikajua ananijua. Hanijui. Mzee wa watu hakukataa, aliniandikia aya mbili, akanipa bahasha iliyo wazi. Nikaisoma kwenye daladala, nimesimama. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina langu. Iliyobaki yote ilimhusu mwanamume. Kwa Kiswahili hata nisingegundua, maana "yeye" wetu haulizi jinsia, lakini barua ilikuwa ya Kiingereza na Kiingereza kikaumbua. Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa. Nikaipakia hivyo hivyo. Majibu mnayajua.

Simlaumu. Angeandika nini? A zangu zilikuwa tayari kwenye transkripti. Mdhamini anatakiwa aseme yale ambayo transkripti haiyasemi, na hawezi kuyasema kama hakuwahi kukuona ukifanya kazi.

Baada ya hapo nikapata kibarua cha kukusanya data Mbagala. Dodoso lilikuwa PHQ-9, lile la kupima dalili za sonona: maswali tisa, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Unamuuliza mtu katika wiki mbili zilizopita jambo fulani limemsumbua mara ngapi, na moja ya majibu kwenye karatasi yetu, lenye alama 2, lilikuwa "zaidi ya nusu ya siku". Mama mmoja alikuwa anakaanga mihogo, akanijibu bila kuinua macho kwenye karai: "Nusu ya siku, mwanangu, na zaidi. Asubuhi nipo sawa, ikifika saa nane moyo ndiyo unaanza." Nilishaweka tiki kwenye 2. Kalamu ikaganda. Yule mama alikuwa anahesabu saa za mchana, wakati dodoso linahesabu siku ndani ya wiki mbili. Siku moja ni siku, siku kumi na nne ni siku, neno halibadiliki. Nikamuuliza, "Na hiyo saa nane huwa ni ya kila siku?" Akasema, "Ipi imebaki?" Hiyo ni 3, "karibu kila siku".

Usiku nilipitia karatasi zangu zote za siku ile, nikaandika nusu ukurasa, nikampelekea msimamizi wa mradi. Hakunisifu. Alisema tu, "Kesho tukae na wenzako." Mwaka mmoja baadaye nikamwomba barua. Aliandika kurasa mbili, na ukurasa mzima ulikuwa wa karai la mihogo. Nilipata.

Kwa hiyo: kufikia mwisho wa mwaka wa pili uwe na watu wawili wanaoweza kusimulia kitu kimoja ulichokifanya. Waombe wiki sita kabla, na waulize hivi: "Unaweza kuniandikia barua nzuri?" Akisita, shukuru, ondoka. Mpe CV yako, insha yako, na ukurasa mmoja wa kumkumbusha mliyofanya pamoja. Hakikisha unaweka barua pepe yake ya chuo au ya taasisi, maana vyuo vingi vya nje vinamtumia kiungo yeye mwenyewe na vinaitilia shaka Gmail. Siku hiyo hiyo mpigie aangalie kwenye barua taka. Mwenzangu mmoja alikosa ufadhili huku barua yake imelala humo wiki tatu.

Na usiandike barua mwenyewe ukampa mtu asaini. Akikuambia "andika nitasaini", mpe hoja kwenye karatasi, aandike yeye.

Hatua ya 7. Kuchagua masta. Saikolojia tiba ipo MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, hapa hapa. Makerere na Nairobi nao wanayo. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wana saikolojia ya jamii tumizi. Tofauti si ndogo: ya tiba inakuweka wodini na wagonjwa chini ya usimamizi, ile nyingine inakuweka kwenye utafiti na programu. Ukichukua shahada ya nje, hasa hizi za mtandaoni, waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama wanaitambua KABLA hujalipa.

Hatua ya 8. IELTS, mtihani wa Kiingereza, matokeo yake yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usiifanye mapema mno. Pasipoti, iwahi. Transkripti, anza kuifuatilia wiki ile ile ya matokeo.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

Kijana_wa_Mbezi: Dada somo zuri ila refu. Kwa kifupi saikolojia ina ajira au haina?

Mtoa somo: Hatua ya 1.

Kijana_wa_Mbezi: Nimeiona. Sasa ina au haina?

Mtoa somo: Umefungua yale matangazo matano? Ukishafungua rudi tuongee.

Mama_Tunu: Hongera mdogo wangu. Mimi nina miaka 38, mwalimu wa msingi, namalizia shahada Chuo Kikuu Huria. Watoto darasani wananiletea mambo mazito kuliko hesabu, ndiyo maana nataka unasihi. Si nimechelewa?

Mtoa somo: Shikamoo dada. Hujachelewa hata kidogo, hicho unachokiita kuchelewa wenzako wanakitafuta. Chevening kwa mfano, ufadhili wa masta wa serikali ya Uingereza, hawana ukomo wa umri, lakini wanataka saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili. Wewe kazini umekaa, ila waulize kama saa za kabla ya shahada zinahesabiwa. Kitakachokupa nguvu ni mfano mmoja: mtoto mmoja (bila jina), uliona nini, ukafanya nini, ukampeleka wapi, na wapi ulishindwa. Mwalimu mkuu anaweza kuwa mdhamini wako mmoja, mhadhiri awe wa pili. Jua tu kwamba Chevening ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Halafu tafuta mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ni bure, utaanza kuutumia kesho darasani.

Mama_Tunu: Marahaba. Nimeandika yote.

Msomi_Huru: Unatisha watu bure. Mimi barua niliandika mwenyewe, mhadhiri akasaini, na masta nilipata. Hizo hadithi za mihogo ni kujisifu.

Mtoa somo: Hongera kwa masta. Ushauri wangu uko pale pale. Barua iliyoandikwa na mwombaji inafanana na insha yake, na anayesoma mia mbili kwa siku anaijua kwa harufu. Na kujisifu gani huko? Nimeanza kwa kuwaambia nilivyofeli.

Nyota_ya_Mvita: Dada, mie niko Mombasa. Huku twaambiwa hata ukiwa na masta huwezi kufungua ofisi ya ushauri mpaka usajiliwe. Nianze na masta au na usajili?

Mtoa somo: Swali zuri, na kwa hilo nyinyi mmetutangulia. Sheria yenu ya Washauri na Wanasaikolojia ni ya mwaka 2014, ndiyo iliyounda Bodi. Ningekuwa wewe ningeanza na swali kwa Bodi: chuo ninachokitaka, kozi ninayoitaka, mnaitambua? Jibu liwe kwa maandishi. Ukishalipata ndipo ulipe ada. Na uliza masta hiyo ina mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi, maana masta ya makaratasi matupu utakuja kuilipia tena.

Nyota_ya_Mvita: Ahsante sana. Jumatatu nawaandikia, jibu nitalileta hapa.

Kaka_wa_Minnesota: Niongezee kidogo kwa wanaoitazama Marekani. Huku mtu anaweza kuomba PhD ya saikolojia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, bila masta. Nyingi zinakulipia ada na kukupa posho kwa kufanya utafiti au kufundisha. Msichanganye na PsyD (udaktari wa saikolojia unaolenga kutoa tiba), hiyo mara nyingi unalipa mwenyewe. Madirisha mengi yanafungwa Desemba mwanzoni. Na ada ya maombi ikikushinda, omba usamehewe, baadhi wanakubali.

Mtoa somo: Shukrani kaka. Mtu anamwandikia profesa kwanza au anaomba tu?

Kaka_wa_Minnesota: Anaandika kwanza, mistari sita: nimesoma kazi yako hii, nimefanya hiki, je mwaka huu unachukua mwanafunzi? Asiambatanishe vyeti kumi na viwili.

Kijana_wa_Mbezi: Dada naomba CV yako niifuatishe.

Mtoa somo: Hapana.

mwanatanga: Mimi si msomi wa saikolojia, nafasiri nyaraka tu, nimevutwa na hiyo "nusu ya siku". Mlibadilisha vipi?

Mtoa somo: Karibu sana. Karatasi hatukuigusa katikati ya kazi, maana data za wiki ya kwanza zisingelingana na za wiki ya tatu. Tulikubaliana kila mmoja wetu aulize swali la kufuatilia: "katika siku kumi na nne, kama ngapi?" Ilisaidia, ila wazee walichoka kuhesabu.

mwanatanga: Hesabu ndiyo inayowachosha. Kwetu ungemuuliza mtu, "Siku mbaya zilizidi nzuri?" angekujibu hapo hapo. Zaidi ya nusu ni kuzidi tu.

Mtoa somo: Hiyo nimeipenda mno, na siku haiwezi tena kugeuka mchana. Ila dodoso halibadilishwi kwa kupenda. Anatafutwa mtu asiyewahi kuona la Kiingereza, analifasiri kurudi Kiingereza, tunalinganisha, kisha tunalijaribu kwa watu wachache. Nitaipeleka kwa msimamizi kama ilivyo. Na "karibu kila siku" mngesemaje?

mwanatanga: "Siku njema zahesabika."