Jinsi ya kuongoza somo la "Je, Mungu ana jinsia?" kwenye jumuiya au darasa la Biblia

Swali hili huja ghafla, mara nyingi kutoka kwa kijana: "Mbona tunamwita Mungu Baba tu? Kwani ni mwanamume?" Kiongozi asiyejiandaa hujibu kwa kukemea, au hujibu "ni fumbo" kisha anahamia somo jingine. Majibu yote mawili yanaumiza. Anayekemewa hujifunza kuwa kanisani hakuulizwi, na anayeambiwa ni fumbo hubaki akidhani Kanisa halijui, wakati lilishajibu zamani sana na kwa maneno ya wazi.

Lishike jibu lenyewe kabla hujafika darasani: katika imani ya Kikristo Mungu hana jinsia. Si mwanamume, si mwanamke, wala si mchanganyiko wa wawili hao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalisema hilo mara mbili, katika namba 239 na namba 370, na makanisa ya Kiprotestanti na ya Kiorthodoksi yanafundisha hivyohivyo. Kazi ya somo ni kuwaonyesha watu jibu hilo limetoka wapi, na kwa nini halilifuti neno "Baba".

Unachohitaji

Tenga dakika 90 kwa watu 10 hadi 20. Wakizidi hapo, wenye maswali mazito hawatafungua mdomo. Uwe na ubao na chaki, Biblia za Union Version za kutosha kwa kila watu wawili, na nakala mbili au tatu za Habari Njema. Tafsiri hizo mbili ni za lazima, utaona sababu.

Dakika 15 za kwanza: anza na Kiswahili

Usianze na Kigiriki. Mjadala huu umetufikia kwa kiasi kikubwa kupitia Kiingereza, lugha ambayo kwa kawaida huchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike inapomtaja mtu mmoja. Sisi hatuna shida hiyo. "Yeye ananipenda" haisemi kama ni kaka au dada. Ukisoma "alituumba, anatulinda, atatuita", hakuna silabi hata moja iliyotaja jinsia. Waache darasa walione hilo wenyewe: andika sentensi hiyo ubaoni na uulize, "Hapa anatajwa mwanamume au mwanamke?"

Kisha andika maneno manne: kijana, kiongozi, kipofu, Mungu. Matatu ya kwanza yana umbo la KI-VI kama kiti na kikombe, lakini tunasema "kijana amekuja", hatusemi "kijana kimekuja". Hakuna anayedhani kijana ni chombo. "Mungu" nalo, wingi wake ni "miungu", umbo lilelile la mti na miti, ila hatusemi "Mungu umetubariki". Umbo la neno ni jambo moja, na asili ya anayetajwa ni jambo jingine. Mtu akilielewa hili kwa lugha yake, baadaye utamweleza Kiebrania na Kigiriki kwa dakika tano tu.

Mfano wa kufungia hatua hii ni Roho. Mwambie mmoja asome Mwanzo 1:2 katika Union Version: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Mwingine asome Warumi 8:26: "Roho naye hutusaidia udhaifu wetu." Tafsiri ileile imesema "ikatulia" huku na "naye" kule. Je, Roho amebadilika? La. Na ndivyo ilivyo katika lugha za zamani: "ruah" ya Kiebrania kwa kawaida ni neno la kike, "pneuma" ya Kigiriki si ya kiume wala ya kike, "spiritus" ya Kilatini ni ya kiume. Yeronimo, mfasiri wa kale wa Biblia ya Kilatini, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Isaya, alizitaja lugha hizo tatu na kusema kuwa tofauti hiyo inatufundisha kwamba katika Uungu hakuna jinsia. Kama kuna Wamaasai darasani, waombe waeleze jina Enkai. Kiambishi chake cha mwanzo ni cha kike, na Wamaasai Wakristo wanamwita Mungu kwa jina hilohilo huku wakisali Baba Yetu.

Dakika 20: Mungu hakuonyesha umbo

Hapa mistari mitatu inatosha. Ukileta kumi, watu watapekua kurasa badala ya kufikiri.

Kumbukumbu la Torati 4:15-16 ndio mzito kuliko yote, na husahaulika. Musa anawakumbusha Israeli kwamba siku ile kule Horebu hawakuona umbo la namna yoyote, kwa hiyo wasijichongee sanamu, "mfano wa mwanamume au mwanamke". Jinsia zote mbili zimetajwa kwa majina na zote zimekatazwa. Wape dakika mbili za ukimya baada ya kuusoma.

Yohana 4:24 unasema Mungu ni Roho. Asiye na mwili hana viungo vya uzazi, na jinsia kwa maana ya kawaida ni ya mwili.

Wa tatu ni Mwanzo 1:27: "kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba." Hapa ndipo watu huteleza. Wengine hukata shauri kwamba kama wote wawili ni mfano wa Mungu, basi Mungu ni nusu mume, nusu mke. Mstari hausemi hivyo. Unasema mwanamke ni mfano wa Mungu mzima, sawasawa na mwanamume, wala hakuna aliyepewa kipande. Sema hivyo kwa sauti, kwa sababu ndani ya kila darasa kuna dada aliyewahi kuambiwa kwamba yeye ni mfano wa Mungu kwa kupitia kwa mumewe.

Dakika 25: picha za kiume na za kike

Gawa darasa makundi matatu. La kwanza lichukue Isaya 42:13-14, la pili Isaya 49:15 pamoja na 66:13, la tatu Luka 15:3-24. Kila kundi liandike picha zote za Mungu linazozikuta.

Kundi la kwanza litakuta kitu cha kushtua: mstari wa 13 Bwana anatokea kama shujaa wa vita, na mstari wa 14, papo hapo, anapiga kelele kama mwanamke wakati wa utungu wake. Nabii hakuona ugumu wowote kuziweka picha hizo bega kwa bega. La pili litakuta mama anayefariji na mama asiyeweza kumsahau mtoto anyonyaye. La tatu litakuta mchungaji, mwanamke mwenye shilingi kumi anayewasha taa na kufagia nyumba, na baba mwenye wana wawili. Waulize wamesikia mahubiri mangapi juu ya baba yule na mangapi juu ya mwanamke yule. Kimya kitakachofuata kinafundisha.

Hapa tunashauri utumie dakika tano kwa neno moja: rehema. Tumelipokea kutoka Kiarabu, "rahma", na mzizi wake r-h-m ndio uliomo katika "rahim", yaani tumbo la uzazi. Kiebrania ni ndugu yake Kiarabu: "rehem" ni tumbo la uzazi, "rahamim" ni huruma. Neno lililotafsiriwa "asimhurumie" katika Isaya 49:15 limetoka kwenye mzizi huo. Kwa hiyo Mswahili anapoomba "Bwana, uturehemu", mdomoni mwake "Bwana" limekaa jirani na neno lenye harufu ya tumbo la mama. Usilifanye jambo hili kuwa ushahidi kwamba Mungu ni mwanamke. Mzizi wa neno hauthibitishi asili, kama vile KI ya kijana haithibitishi kitu. Linaonyesha tu kwamba upole wa kimama haukuingizwa juzi.

Sasa fungueni Habari Njema kwenye zaburi yoyote na mlinganishe na Union Version. Palipo "BWANA" huku, kule mara nyingi pana "Mwenyezi-Mungu". Jina lililo nyuma yake ni lile alilofunuliwa Musa katika Kutoka 3, lenye herufi nne za Kiebrania, ambalo wasomaji walilikwepa kwa heshima na kusema "Bwana" mahali pake. Uanaume tunaousikia katika "Bwana" ni wa cheo kilichosomwa badala ya jina.

Dakika 15: basi kwa nini "Baba"?

Hiki ndicho kiini, na ndipo walimu wengi wenye nia njema huharibu. Wakishathibitisha kwamba Mungu hana jinsia, wanamalizia kwa kusema "Baba" ni desturi ya Wayahudi tu, tunaweza kulibadilisha tupendavyo. Sivyo.

"Baba" katika Ukristo kwanza ni jina la uhusiano. Baba ni Baba kwa sababu ana Mwana, tangu milele, kabla hapajakuwa na mwanamume yeyote duniani. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulikiri kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa. Askofu Gregori wa Nazianzo, akihubiri Konstantinopoli mnamo mwaka 380, aliwasuta waziwazi waliotaka kumfanya Mungu wa kiume kwa sababu ya jina Baba. Kwa hoja hiyo, alisema, Uungu ungekuwa mwanamke, kwa kuwa neno lake la Kigiriki ni la kike, na Roho angekosa jinsia. Na Sinodi ya 11 ya Toledo, huko Hispania, mwaka 675, haikuogopa kusema Mwana amezaliwa "kutoka tumbo la uzazi la Baba". Andika maneno hayo ubaoni. Baba mwenye tumbo la uzazi! Walioandika hivyo walijua vema kwamba "Baba" halikuwa neno la maumbile.

Kisha soma Waefeso 3:14-15, ambapo "ubaba wote wa mbinguni na wa duniani" unaitwa kwa jina la Baba. Mwelekeo ni kutoka juu kwenda chini. Hatumpimi Mungu kwa baba zetu. Baba zetu ndio wanaopimwa kwake.

Kuhusu Yesu, sema kwa kifupi: katika ubinadamu wake ni mwanamume, alitahiriwa siku ya nane (Luka 2:21). Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451 ulifundisha asili mbili, bila kuchanganyika. Uanaume ni wa asili ya kibinadamu, haupandi ukawa wa Uungu. Neno letu "mwana" lenyewe halichagui: ni mtoto wa kiume au wa kike, na huko Lamu na Pate "Mwana" ni jina la heshima la mwanamke, kama mshairi Mwana Kupona. Kigiriki cha Injili ndicho kinachotaja mwana wa kiume.

Mahali somo linapoharibikia

Kumfanya Roho Mtakatifu kuwa "mama" wa Utatu. Waandishi wa kale wa Kisiria walitumia lugha ya kike kwa Roho kwa kuwa neno lao lilikuwa la kike. Lakini ukiweka baba, mama na mtoto mbinguni, umepata familia ya miungu watatu, kitu ambacho Ukristo umekikataa tangu mwanzo.

Kuegemea "El Shaddai", jina la Mungu la Kiebrania. Utasikia linamaanisha "Mungu mwenye matiti". Wataalamu hawajakubaliana juu ya asili ya jina hilo. Hoja yako haihitaji ushahidi unaotikisika, iache.

Kubadilisha maneno ya ubatizo. Wapo waliobatiza "kwa jina la Muumba, na la Mkombozi, na la Mtakatifuzaji" ili kukwepa majina ya kiume. Mwaka 2008 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo huo si halali na aliyebatizwa hivyo abatizwe upya. Sababu yake ni nzito: hayo ni majina ya kazi, na kazi hizo Nafsi zote tatu huzifanya pamoja. Ukiondoa Baba na Mwana, umeondoa uhusiano wenyewe.

Na la mwisho, linalohitaji upole kuliko yote: mtu anayesema, "Siwezi kumwita Mungu Baba. Baba yangu alinipiga." Usimjibu kwa Nikea wala kwa Waefeso. Usimharakishe kusamehe. Mwambie, "Pole sana, dada yangu," kisha nyamaza. Akitaka maneno, mpe Zaburi 27:10, "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Biblia inajua kwamba wazazi huacha. Mruhusu asali kwa muda akianza na "Mungu wangu", kama zaburi nyingi zinavyofanya, si dhambi. Baada ya somo mtafute faraghani, ukiwa na mama au dada mwingine wa jumuiya, wala usilirudie jambo lake mbele ya wengine.

Dakika 15 za kufunga

Pokea maswali kwa dakika kumi. Kisha mtu mmoja, si kiongozi, asome Zaburi 131, yenye mtoto aliyetulia kwa mama yake. Ina mistari mitatu tu, kwa hiyo isomwe mara mbili, na kimya cha dakika moja katikati. Halafu simameni na kusali Baba Yetu, polepole, bila kuongeza neno.