Friji nyuma ya kichwa: namna ya kupunguza sumaku ya umeme chumbani

Wengi hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu mpaka Nzuguni, tunaishi chumba kimoja au chumba na sebule, friji ipo hapo, kitanda kipo hapo hapo, soketi moja ndo inabeba ekstensheni ya kila kitu. Ukisikia habari za sumaku ya vifaa vya umeme usiogope ila usipuuze pia, anza na mpangilio wa chumba maana hauna gharama.

Iko hivi, umeme ukipita kwenye waya unatengeneza uga wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku kuzunguka waya, na unakuwa mkali pale penye mota au transfoma: kompresa ya friji, feni, blenda, stabilaiza, inveta ya sola. Mwaka 2002 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani, IARC, waliuweka kundi 2B, yaani huenda unasababisha saratani, kwa sababu ya tafiti za watoto wenye saratani ya damu kwenye nyumba zenye wastani wa juu ya maikrotesla (kipimo cha ukali wa sumaku) 0.3 hadi 0.4. Kwamba sumaku ndo chanzo haijathibitishwa. Mi naona kwa mtoto mchanga hiyo inatosha kumsogeza kitanda.

Dawa ni umbali. Draya ya nywele sentimita 3 kutoka kichwani inaweza kufika hata maikrotesla 2000, ukienda mita moja inabaki kama 0.01 mpaka 0.03 tu. Lakini draya unaishika dakika chache, wakati stabilaiza ile inayonguruma chini ya kitanda unalala nayo usiku kucha, hiyo ndo ya kuanza nayo. Itoe, iweke mita moja au zaidi kutoka kwenye mto.

Halafu jamani ukuta wa tofali hauzuii sumaku. Kama friji iko sebuleni na mgongo wake umeegemea ukuta ule ule unaolaza kichwa, ni kama mko chumba kimoja, geuza kitanda miguu iende upande huo. Angalia na upande wa pili wa ukuta kwa jirani kama una chumba cha kupanga, inawezekana friji lake ndo liko nyuma ya kichwa chako.

Kifaa kikizimwa sumaku yake inaisha, ila adapta iliyobaki kwenye soketi bado inakula umeme kidogo, ichomoe. Miezi ya baridi Juni na Julai watu wanawasha hita karibu kabisa na kitanda, isogeze, pia kwa ajili ya moto.

Stika za kubandika kwenye simu na mikufu ya kukinga miale achana nazo kabisa, weka hela yako kwenye LUKU. Na zile app za simu za kupima sumaku zitakuonyesha maikrotesla 30 na kitu hata ukiwa shambani Chamwino bila waya hata mmoja, hiyo ni sumaku ya dunia yenyewe, imetulia, sio ile ya umeme inayobadilika mizunguko 50 kwa sekunde.

Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani asikaribie jiko la indaksheni likiwa linawaka, akae mbali angalau sentimita 60, na amuulize daktari wake kabla ya kulinunua.