Kasa wa Aegina: kukusanya na kupiga picha sarafu za kwanza za Wagiriki

Ukitaka kuanza na sarafu za Kigiriki za zamani kabisa, zile za kabla ya mwaka 480 KK, ushauri wangu ni uanze na kasa wa Aegina. Aegina ni kisiwa kidogo jirani na Athens, na watu wake walikuwa miongoni mwa Wagiriki wa kwanza kugonga sarafu za fedha, katika karne ya 6 KK. Upande wa mbele yupo kasa. Upande wa nyuma hakuna mnyama wala maandishi, kuna shimo tu. Shimo hilo huwasumbua sana wapiga picha, ndiyo maana nitalizungumzia zaidi ya mengine yote.

Hatua ya 1: Mjue kasa kabla hujatoa pesa

Aliyekulia pwani ana faida hapa, maana kwetu kasa ni kasa na kobe ni kobe. Kasa ana mapezi ya kuogelea, na kwenye sarafu gamba lake ni laini, lina mstari wa vitone katikati ya mgongo. Kobe wa nchi kavu ana miguu, na gamba lake limegawanyika vipande vipande. Aegina waligonga kasa hadi katikati ya karne ya 5 KK, ndipo akaja kobe. Ukiletewa kobe ukaambiwa ni wa karne ya 6, usinunue.

Sarafu kubwa, stateri, ina uzito wa karibu gramu 12.2. Stateri moja ni drakma 2, au oboli 12, kwa hiyo oboli ina gramu 1 hivi na ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Bei yake ni nafuu zaidi. Anza na oboli.

Hatua ya 2: Pima, kagua ukingo, uliza ilikotoka

Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Stateri yangu ya kwanza niliinunua kwa kuona picha tu, sikuuliza uzito. Ilipofika, mizani ilisoma gramu 9 na kidogo, na ukingoni fedha ilikuwa imebanduka, shaba ya kijani inachungulia. Kughushi hakukuanza leo: hata enzi zile walichukua kiini cha shaba wakakivika ngozi ya fedha. Bandia za siku hizi nyingi humiminwa kwenye kalibu, nazo hujitoa zenyewe kwa vishimo vidogo vya mapovu na mstari wa kiungo unaozunguka ukingo.

Sarafu yenye mkato wa patasi usiikimbie. Wafanyabiashara walizikata ili kuona kama ndani ni fedha tupu. Katika hazina ya Asyut, iliyopatikana Misri mwishoni mwa miaka ya 1960 ikiwa na sarafu karibu 900 kutoka miji mingi ya Wagiriki, nyingi zina mikato ya namna hiyo. Mimi nazipenda hizo kuliko zilizo nzima.

Halafu karatasi. Uliza risiti, katalogi ya mnada wa zamani, kibali cha kutoka nchi ilikotolewa. Mkataba wa UNESCO kuhusu biashara ya mali za kale ni wa mwaka 1970, na sarafu yenye ushahidi wa kabla ya hapo ina usalama mkubwa. Isiyo na karatasi yoyote siinunui, hata iwe nzuri namna gani. Sarafu iliyochimbwa usiku kwa kuibia haiwezi tena kutuambia ililala na nini ardhini, na hasara hiyo hailipiki.

Hatua ya 3: Usiisugue

Weusi wa fedha ni umri wake, uache. Hifadhi sarafu kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Epuka vile vifuko vya plastiki laini vyenye harufu ya pazia jipya la bafuni, maana baada ya muda hutoa utelezi wa kijani unaokula madini ya sarafu.

Hatua ya 4: Panga meza

Simu yenye kamera nzuri inatosha. Ifunge kwenye stendi, ielekee chini, sentimita 20 hivi juu ya sarafu, kisha kuza picha mara 2 (zoom). Ukiisogeza karibu zaidi, kivuli cha simu kitaangukia sarafu. Weka sarafu juu ya kizibo cha chupa, na kizibo juu ya kitambaa cheusi. Tumia saa ya kuchelewesha, sekunde 2 au 3, ili kidole chako kisitikise simu.

Hatua ya 5: Mwanga, na lile shimo

Fundi aliweka kipande cha fedha juu ya muhuri wenye kasa, akasimamisha mtalimbo juu yake, akapiga nyundo. Fedha ikaingia kwenye kasa kwa chini, na mtalimbo ukaacha shimo kwa juu. Sarafu za mwanzo zina shimo lililogawanyika pembetatu pembetatu. Baadaye mistari minene ikaligawa vyumba vitano.

Sasa, macho yetu yamezoea jua kutoka juu. Ukiweka taa chini ya picha, ubongo hugeuza kila kitu: shimo huonekana kichuguu. Kwa hiyo zima taa zote, bakiza moja, uiweke upande ilipo namba 11 kwenye uso wa saa ya ukutani. Mbele yake tundika karatasi ya kuokea ili mwanga ulainike. Kwa kasa, iinamishe nyuzi 45. Kwa shimo, ipandishe zaidi ili mwanga ufike sakafuni mwa shimo, na upande wa pili simamisha kadi nyeupe irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli.

Kosa hili huumiza zaidi kwenye sarafu za Sybaris na Metapontum, miji ya Wagiriki kusini mwa Italia, ambazo picha moja imetokeza mbele na kuzama nyuma. Ukikosea taa unapopiga nyuma, ng'ombe wa Sybaris atatokeza pande zote mbili, na mtazamaji hatajua ameona nini.

Hatua ya 6: Piga na uandike

Kasa ana mgongo ulioinuka, huwezi kupata ukali wa kilele na mapezi kwa pigo moja. Piga mara tatu kwa fokasi tofauti, uziunganishe kwa programu. Unapogeuza sarafu, usiguse taa isipokuwa kuipandisha, wala usibadilishe umbali. Faili ipe jina lenye mji, aina, uzito na kipenyo.

Kisha piga picha ya ukingo. Wengi huiruka, lakini pale ndipo mipasuko ya nyundo inapoonekana, na pale ndipo shaba ya stateri yangu ya kwanza ilipokuwa ikichungulia.