Kabla ya kuomba uzamivu (PhD) wa mipango na uhandisi wa usafiri

Wengi huanza na jina la chuo. Anza na swali, kisha data, kisha msimamizi. Chuo kitakuja chenyewe.

Swali libane. "Foleni za mijini" ni mada ya mhadhara, haiwezi kubeba tasnifu. Hili linaweza: je, kuyapa mabasi kipaumbele kwenye taa za makutano kunapunguza muda wa abiria safarini bila kurefusha foleni kwenye barabara zinazokatiza? Papo hapo unajua unachohitaji: saa ambayo kila basi limefika na kuondoka kituoni, idadi ya magari kwa kila dakika 15 katika kila mkono wa makutano, na mpangilio wa taa sekunde kwa sekunde. Vitu hivyo mara nyingi viko kwa mamlaka ya barabara na waendesha mabasi, na kuvipata huweza kula miezi. Omba mapema, udai jibu la maandishi. Ahadi ya mdomo huondoka na ofisa anapohamishwa. Ukitumia madodoso ya kaya au data za simu, ongeza muda wa kibali cha maadili. Tafiti nyingi hukwamia hapa, hesabu zikiwa bado hazijaguswa.

Hesabu nazo usizikwepe. Shika takwimu vizuri, pamoja na lugha ya programu ya Python au R. Anayeelekea upande wa mipango ajue modeli ya hatua nne (inayokadiria safari ngapi zitafanyika, kwenda wapi, kwa chombo gani na kwa njia ipi) na modeli za uchaguzi (zinazoeleza jinsi msafiri anavyochagua, mfano basi au gari). Wa uhandisi, nadharia ya mtiririko wa magari. Wote waweze kueleza kanuni za Wardrop za mwaka 1952, zinazohusu jinsi magari yanavyogawanyika kwenye njia mbalimbali, bila kufungua daftari. Kabla ya kuomba, jenga makutano mamoja katika SUMO, programu ya bure ya kuiga mwendo wa magari kwenye kompyuta, kisha linganisha magari ya modeli na yaliyohesabiwa barabarani. Kipimo kinachotumika sana ni GEH, namba inayoonyesha tofauti kati ya idadi hizo mbili: angalau asilimia 85 ya ulinganisho iwe chini ya 5. Endesha modeli mara kadhaa kwa mbegu tofauti za nasibu (namba zinazoanzisha bahati nasibu ya modeli), maana matokeo ya mara moja yanaweza kuwa bahati tu.

Kwa msimamizi, soma makala zake tatu au nne za karibuni, kisha andika barua pepe fupi: makala ipi, pengo gani umeliona, data gani unayo. Ambatisha wasifu na ukurasa mmoja wa wazo lako. "Nimevutiwa na kazi zako" haimwambii chochote.

Uingereza uzamivu kwa kawaida ni miaka 3 hadi 4, utafiti ukianza mara moja. Marekani mara nyingi hufika 5 au kuzidi, kukiwa na masomo ya darasani na mtihani wa kufuzu kwanza. Huko maombi mengi hufungwa Desemba au Januari, kwa hiyo anza mwaka mzima kabla, na wanaokuandikia barua za mapendekezo uwape angalau mwezi.

Ukipata nafasi, usisaini kabla ya kujua ufadhili ni wa miaka mingapi na kama umefungwa kwenye mradi mmoja. Halafu waulize wanafunzi wa msimamizi huyo faraghani: waliotangulia walimaliza baada ya muda gani?