Mtoto wa shule akilalamika tumbo: jinsi ya kumshughulikia bakteria H. pylori

Jijini Dar es Salaam limekuwa jambo la kawaida kwa mzazi ambaye mwanawe amelalamika tumbo kwa wiki mbili tatu kumpeleka kwenye maabara ya mtaani, akatobolewa kidole, kisha wakarudi nyumbani na jibu kwamba mtoto ana H. pylori pamoja na antibiotiki zilizonunuliwa duka la dawa la jirani. Mwongozo huu ni kwa wazazi na walezi wa watoto wa shule za msingi mijini, nao unaeleza njia iliyo bora kuliko hiyo, kwa sababu mtoto anayetibiwa kwa haraka namna hiyo huweza kumeza dawa kali asizozihitaji huku chanzo halisi cha maumivu yake kikiendelea.

Helicobacter pylori, ambayo kwa kifupi ndiyo H. pylori, huishi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Hustahimili asidi ya humo kwa sababu hutengeneza kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huibadili yurea kuwa amonia, na amonia hiyo huizimua asidi iliyomzunguka. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walimtambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba ndiye anayesababisha vidonda vingi vya tumbo; mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Ni habari za kutisha, na hofu ya mzazi inaeleweka. Hata hivyo, maambukizi haya kwa kawaida huanza utotoni, mara nyingi ndani ya familia, na watoto wengi walio nayo hawaumwi chochote. Vidonda kwa watoto si vingi kama kwa watu wazima, na saratani huwapata wachache tu kati ya walioambukizwa, tena baada ya miongo mingi. Kwa hiyo, kumkuta bakteria si sawa na kupata jibu la kwa nini mtoto analia tumbo.

Anza na daftari. Kwa muda wa wiki mbili hivi, andika saa ambayo tumbo limeuma, mtoto alikuwa amekula nini, alipata choo lini na kilikuwa cha namna gani, na kama siku hiyo ilikuwa ya shule au ya mapumziko. Mwombe aonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma, wala usimtajie wewe. Mtoto anayegusa kitovu, ambaye tumbo humwuma asubuhi za shule na kutulia likizo, anayekula na kucheza kama kawaida, mara nyingi hana ugonjwa wa tumbo lenyewe, ingawa maumivu yake ni ya kweli na hastahili kuambiwa anadeka. Angalia pia ratiba yake: wapo watoto wanaotoka nyumbani alfajiri kuwahi gari la shule bila hata kikombe cha chai, kisha wakakaa na njaa hadi mapumziko ya saa nne, wakala mihogo ya kukaanga na pilipili nyingi. Mtoto wa namna hiyo apewe kwanza kifungua kinywa kwa siku kadhaa, nawe uone kinachobadilika.

Dalili nyingine hazisubiri daftari. Akitapika damu au vitu vinavyofanana na masalia ya kahawa, akipata choo cheusi kinachonata kama lami, akitapika mfululizo, au akiwa na maumivu makali upande wa chini kulia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akikonda, akiacha kurefuka, akiamshwa usiku na maumivu chini ya chembe cha moyo, au akiwa na upungufu wa damu usioisha ijapokuwa ametumia dawa za madini ya chuma ipasavyo, mtafutie miadi ya daktari wa watoto bila kuchelewa. Mweleze daktari kama mzazi au ndugu wa karibu amewahi kupata vidonda au saratani ya tumbo.

Katika miji yetu yapo mambo mengi yanayoumiza tumbo la mtoto na ambayo ni rahisi zaidi kuyatibu: minyoo, giadia (vimelea vidogo vya utumbo), kufunga choo kwa sababu vyoo vya shule ni vichafu na mtoto hujizuia kutwa nzima, maambukizi ya njia ya mkojo, au maziwa yasiyompatana. Sababu ya vyoo naiona kuwa nzito kuliko inavyofikiriwa, kwa kuwa mtoto haisemi mpaka aulizwe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo baadhi ya familia humpa mtoto kila homa inapomjia, huweza zenyewe kuchubua ukuta wa tumbo.

Ikiwa daktari ameona sababu ya kumtafuta bakteria huyu, chaguo la kipimo ni jambo la msingi. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, si bakteria mwenyewe. Kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata baada ya bakteria kuisha, na kwa watoto kipimo hicho hakitegemewi. Ukipewa jibu la damu peke yake, usianze dawa. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini husisitiza kwamba lengo ni kutafuta chanzo cha dalili, na kwamba njia ya kuaminika zaidi ni kipimo cha kamera ndogo inayopitishwa mdomoni, ambacho humwezesha daktari kuona ukuta wa tumbo na kuchukua vinyama vidogo vya kupimwa. Vipimo hivyo hupatikana katika hospitali kubwa. Kipimo cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, pamoja na kile cha pumzi, havihitaji kamera, na daktari anaweza kuvitumia kulingana na hali ya mtoto na uwezo wa mahali. Mtoto awe hajatumia antibiotiki kwa wiki nne wala omeprazo, ambayo ni dawa ya kupunguza asidi, kwa wiki mbili, la sivyo jibu huweza kuonyesha hana ilhali anaye.

Tiba, ikiamuliwa, kwa kawaida ni ya siku 14: dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, kwa mfano amoksilini na metronidazo au amoksilini na klarithromaisini, kila moja kwa kipimo kinachotokana na uzito wa mtoto. Ndiyo maana pakiti iliyoandaliwa kwa ajili ya mtu mzima haikatwi nusu na kupewa mtoto. Taja mapema kama ana mzio wa penisilini. Dawa ya kupunguza asidi humezwa kabla ya chakula. Metronidazo huacha ladha ya chuma mdomoni na huweza kuleta kichefuchefu, kwa hiyo ipewe pamoja na chakula. Mtayarishe mtoto kwa ladha hiyo tangu siku ya kwanza, maana wengi huiacha dawa hapo, na dozi iliyokatizwa huwaacha hai bakteria waliozoea dawa.

Wakati wa tiba, geukia nyumba. Bakteria huyu hupita kwa mate, matapishi na kinyesi, hasa pale watu wengi wanapoishi katika chumba kimoja au viwili. Kila mtoto awe na mswaki na kikombe chake, mdogo asitafuniwe chakula, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba badala ya ndoo ambayo kila mkono huchota. Shuleni, kamati ya wazazi iulize mambo mawili: watoto hunywea nini, na baada ya choo hunawa wapi. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti, likainamishwa kwa kamba inayokanyagwa na mguu, hutengenezwa kwa gharama ndogo sana. Kinachokwamisha ni sabuni isiyokuwepo na dumu lisilojazwa, hivyo apangwe mtu wa kuyasimamia hayo kila siku.

Maumivu yakiisha bado kuna kazi. Rudia kipimo cha choo au cha pumzi angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na ni vyema zaidi zikifika sita hadi nane, huku mtoto akiwa ameacha omeprazo kwa wiki mbili. Bakteria akionekana tena, usinunue dawa zilezile. Mpelekee daktari makasha ya dawa zilizotumika ili achague mchanganyiko mwingine au, inapowezekana, aagize vipimo vya usugu, yaani vya kujua ni antibiotiki zipi ambazo bakteria huyo hazimwui. Bakteria akiwa ameisha lakini tumbo linaendelea kuuma, rudi na daftari lako, kwa kuwa chanzo ni kingine na daktari atahitaji kuanza kukitafuta hapo.